CHARLES DICKENS: BABA ALIPOFUNGWA, NYUMBA ILIKWENDA WAPI?

Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Nataka niwape stori ya jamaa mmoja ambaye wengi mnamjua kwa jina hata kama hamjawahi kumsoma, Charles Dickens, mwandishi wa Kiingereza, yule wa Oliver Twist. Alifariki mwaka 1870, kwa hiyo ni mtu wa zamani kweli kweli. Lakini kuna kipande cha maisha yake ambacho kila nikikisoma naona kama anaongelea mtaani kwetu.

Kipande chenyewe ni hiki: mzazi akifungwa, watoto wanalala wapi? Na siku akitoka, wanarudi kwenye nyumba ipi? Habari za vitabu vyake nitazipitia haraka, zinapatikana kila mahali. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako hapo kafe zinakaribia kuisha, iweke kwenye flashi ukaisome nyumbani.

FAMILIA YENYEWE

Charles alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 huko Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Alikuwa wa pili kati ya watoto 8, na wawili kati yao walifariki wakiwa wadogo. Baba yake, Mzee John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Tusidanganyane, haikuwa kazi ya njaa. Mzee alikuwa anavuta zaidi ya pauni 300 kwa mwaka, hela ambayo kibarua wa London wakati ule angeishia kuiota tu.

Tatizo la mzee lilikuwa matumizi. Mtu wa watu, mcheshi, anapenda wageni, anapenda kuvaa, na akikosa anakopa. Akikosa cha kulipa deni anakopa kwa mwingine. Mwaka 1822 wakahamia London, Camden Town, na hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Mama, Bi Elizabeth, akaona ajaribu kuokoa jahazi. Mwishoni mwa mwaka 1823 wakapanga nyumba kubwa, akabandika kibao mlangoni kwamba ni shule, Charles akatumwa kugawa vikaratasi vya matangazo mitaani. Hakuja mwanafunzi hata mmoja. Sasa wakawa na deni la mwanzo na kodi ya nyumba kubwa juu yake.

Wakaanza kuuza vitu. Vilianza vitabu, na aliyetumwa kuvipeleka dukani kimoja kimoja ni huyo huyo Charles, wakati ndiyo vilikuwa starehe yake pekee. Vikafuata vijiko, viti, meza. Ikafika mahali familia nzima inaishi kwenye vyumba viwili, na nyumba iliyobaki ni tupu, ukiongea inarudisha sauti.

TAREHE 20 FEBRUARI 1824

Siku mbili tatu baada ya kutimiza miaka 12, Charles alipelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha dawa ya viatu, hii tunayoita kiwi. Kilikuwa kwenye jengo bovu kando ya mto Thames, panya wanakimbizana chini ya sakafu. Kazi yake ilikuwa kufunika vikopo kwa karatasi, kufunga kamba na kubandika lebo. Saa 10 kwa siku, shilingi 6 kwa wiki, na wakati ule shilingi 20 ndiyo pauni moja.

Hajakaa sawa, tarehe 20 Februari 1824 baba akakamatwa. Deni lililomwangusha lilikuwa la mwoka mikate, pauni 40 na shilingi 10. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mtu unayemdai angeweza kuwekwa ndani mpaka alipe au mpaka mahakama ya waliofilisika imwachie. Jiulize, mtu aliyefungiwa ndani anatafuta wapi hela ya kulipa? Mzee John alikuwa na afadhali kwa sababu ofisi yake iliendelea kumlipa. Wengine walizeekea humo.

Akapelekwa gereza la Marshalsea, Southwark, kusini mwa mto. Na hapa ndipo stori inapoanza kuwa ya nyumba.

FAMILIA YAGAWANYIKA MARA TATU

Marshalsea mdaiwa aliruhusiwa kukaa na mke na watoto wake. Usishangae. Mke hakuwa mfungwa, alikuwa huru kutoka asubuhi akanunue mahitaji na kurudi, ila usiku geti likifungwa ndiyo basi. Bi Elizabeth akajitahidi kubaki uraiani kwa wiki kadhaa, akiuza na kuweka rehani kilichobaki. Kodi ikamshinda. Akachukua wadogo watatu, akahamia nao gerezani. Wakawa wanaishi chumba kimoja, baba, mama na watoto watatu, na humo ndimo jikoni na ndimo kitandani.

Dada mkubwa, Fanny, alikuwa anasoma bweni kwenye chuo cha muziki, kwa hiyo yeye alikuwa na pa kulala. Charles hakutosha popote. Alikuwa na kazi upande wa pili wa mto, na kile chumba kilikuwa kimejaa. Akapelekwa Camden Town kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Roylance, aliyekuwa anapokea watoto kwa malipo. Akalala chumba kimoja na watoto wengine wasio ndugu zake.

Hebu mfikirie dogo wa miaka 12. Mshahara wa wiki anaugawa mafungu ya siku siku ili asile hela ya Ijumaa siku ya Jumanne. Asubuhi mkate mdogo na maziwa, usiku mkate na kipande cha jibini. Jumatatu mpaka Jumamosi hamwoni mtu wa kwao. Jumapili anampitia Fanny chuoni, wanakwenda wote gerezani kushinda na wazazi, usiku kila mmoja anarudi kwake.

Jumapili moja usiku akashindwa kuvumilia. Akamwambia baba yake kwamba kiwanda anaweza kukivumilia na njaa anaweza kuivumilia, ila kuwa mbali na wao kila siku kunammaliza. Akalia. Kwa mara ya kwanza mzee akaelewa mwanawe anapitia nini.

Hapo ikafanyika kitu kidogo tu. Wakamtafutia chumba cha darini mtaa wa Lant, karibu kabisa na gereza. Dirisha lake lilitazama yadi ya mbao. Wakampelekea malazi, akatandika chini. Kwa macho ya mtu mwingine pale hapakuwa mahali pa kuishi, lakini Charles alipaona kama peponi. Kuanzia siku hiyo asubuhi alikunywa chai gerezani na familia yake, na jioni akitoka kazini alikula nao, geti likikaribia kufungwa anatembea hatua chache kwenda kulala.

Naomba mkikumbuke chumba hiki wadau. Deni halikuwa limelipwa, baba alikuwa bado ndani, mshahara ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtoto na wazazi wake, na hicho peke yake kilitosha kumnyanyua.

AIBU YA KUTOKUWA NA KWENU

Kuna tukio moja dogo ambalo mimi linaniuma kuliko hata kile kiwanda. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ya ubavu akiwa kazini. Mwenzake, kijana aliyeitwa Bob Fagin, akamlaza kwenye majani makavu na kumkanda kwa chupa za maji moto nusu siku. Jioni Bob akasema hamwachi aende peke yake, lazima amfikishe kwao. Sasa kwao ni wapi? Gerezani. Na Charles hakuwa amemwambia mtu.

Akajaribu kumtoroka, Bob kagoma kuachwa. Walipofika upande wa Southwark, Charles akasimama kwenye nyumba ya watu asiowajua kabisa, akapanda ngazi, akamuaga Bob kana kwamba amefika. Kwa kuhofia Bob asije akageuka kuangalia, Charles akagonga mlango. Mlango ulipofunguliwa akauliza kama hapo ndipo anapoishi Bwana Robert Fagin.

Mtoto anaazima mlango wa watu ili aonekane ana kwao. Na fadhila za yule Bob alizilipa vibaya, kwa sababu baadaye jina lake alimpa mzee mwizi anayefundisha watoto kukwapua kwenye Oliver Twist.

BABA ANATOKA, HALAFU?

Mwezi Aprili 1824 bibi yake Charles, mama mzazi wa Mzee John, alifariki na kumwachia mwanawe pauni 450. Urithi huwa haufiki siku hiyo hiyo, kwa hiyo mzee akapitia mahakama ya waliofilisika. Sheria ilitaka nguo na vitu vidogo vya mdaiwa na familia yake visizidi thamani ya pauni 20. Charles naye akaitwa akakaguliwe nguo alizovaa, huku mfukoni ana saa ya marehemu babu yake inapiga tik tik, anaomba Mungu mkaguzi asiisikie. Hakuisikia, au aliamua kutoisikia.

Tarehe 28 Mei 1824 mzee akaachiwa, baada ya miezi mitatu na siku kidogo. Sasa fikiri familia inatoka getini, inakwenda wapi? Nyumba ya zamani ilishapotea na vyombo viliuzwa. Waliomfuata ni yule yule Bi Roylance, wakajibanza kwake kwa muda mpaka wakapata kinyumba cha kupanga Somers Town. Bila yule mama wa Camden na bila hela ya marehemu bibi, sidhani kama mngemsikia Dickens leo. Hawakuwa serikali wala shirika. Ni mjane mwenye vyumba na bibi aliyejua kuweka akiba.

Na kutoka kwa baba hakukumaliza kila kitu. Charles aliendelea kubandika lebo kwa muda baada ya baba kuwa huru. Baadaye mzee akagombana na msimamizi wa kiwanda, ambaye ni ndugu kwa upande wa ndoa, akamtoa mtoto. Mama akataka arudishwe, maana zile shilingi zilikuwa zinasaidia. Baba akakataa, akampeleka shule. Charles hakumsamehe mama yake kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1827 wakafukuzwa tena nyumba kwa kutolipa kodi, shule ikaishia hapo, dogo akaenda kuwa karani kwenye ofisi ya mwanasheria akiwa na miaka 15.

Mtaani kwetu nimewahi kuona kitu kama hiki. Baba wa nyumba ya pili alipelekwa mahabusu, kesi ikapigwa tarehe na kupigwa tena tarehe. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mama anauza vitumbua. Mwezi wa nne vyombo vikawa nje. Mtoto mmoja akaenda Morogoro kwa bibi, mwingine kwa shangazi, mdogo akabaki na mama kwenye chumba cha rafiki yake. Baba alipotoka, kesi imefutwa, alikuta familia iko nyumba tatu. Yule wa Morogoro hakurudi. Alishazoea, alishaanza shule huko, na baba hakuwa na chumba cha kumrudishia.

ALIPOPATA HELA ALIFANYA NINI

Charles akajifunza hati mkato, akawa mwandishi wa habari za bunge. Mwaka 1834, akiwa na miaka 22, baba akakamatwa tena kwa deni. Safari hii mwenye nyumba ni mtoto. Charles akalipa, akawahamishia mama na wadogo kwenye vyumba vya bei nafuu, yeye akapanga kwingine na kumchukua mdogo wake Frederick akae naye. Hakuna aliyelala gerezani na hakuna aliyepelekwa kwa watu baki.

Mwaka 1836 akaoa, na riwaya ya Pickwick ikaanza kutoka kidogo kidogo. Kufikia 1837 alikuwa jina kubwa nchi nzima. Mwaka 1839 akawapangishia wazazi wake nyumba karibu na mji wa Exeter, mbali na London na mbali na wakopeshaji. Mzee aliendelea kukopa kwa jina la mwanawe, lakini paa lilikuwepo.

Kubwa zaidi lilikuja Novemba 1847. Kulikuwa na mwanamke tajiri sana, Bi Angela Burdett-Coutts, mrithi wa mali za benki. Yeye alitoa hela, Dickens akatoa muda na akili, wakafungua nyumba iliyoitwa Urania Cottage huko Shepherd's Bush, London. Ilikuwa ya wasichana na wanawake wanaotoka magerezani na mitaani, wasio na pa kwenda. Dickens alikwenda mwenyewe magerezani kuzungumza nao na wakuu wa magereza. Alichagua vitambaa vya nguo zao, vya rangi za kuchangamka, hakutaka wavae kama wafungwa. Alitaka iwe nyumba kweli, ya watu 13 hivi tu, yenye bustani, wanapika, wanashona, wanajifunza kusoma na kuandika, na historia zao hazisimuliwi ovyo. Aliisimamia karibu miaka 10, huku anaandika riwaya na kuendesha gazeti.

Mwaka 1853 alitoa hesabu yake. Kati ya wanawake wasiozidi 60 waliokuwa wamepita pale, 30 walikuwa wamefika ng'ambo na kushika maisha mapya, 7 kati yao wameolewa. Waliobaki wengine walitoroka, wengine walifukuzwa, wengine waliondoka wenyewe. Hakuficha walioshindikana.

PALE ALIPOKOSEA

Nisimpake mafuta sana. Sharti la Urania lilikuwa kwamba mwisho wa safari unapanda meli kwenda ughaibuni, Australia hasa. Kwa hiyo nyumba ile ilimpa mwanamke paa kwa kumtenga na mama yake, na dada zake, na kila aliyemjua. Wapo waliokataa kuingia kwa sababu hiyo, na mimi siwalaumu. Mtu aliyelilia chumba karibu na wazazi wake alipaswa kulifikiria hilo.

Na kwake mwenyewe, mwaka 1858 alitengana na mkewe Catherine baada ya miaka 22 na watoto 10. Alimpa mama nyumba na posho, lakini watoto walibaki kwa baba, isipokuwa wa kwanza, Charley, aliyekwenda kwa mama yake. Aliyejua uchungu wa familia kugawanywa aliigawanya ya kwake, na aliyekuwa na nyumba na hela ndiye aliyeamua.

Stori ya kiwanda na Marshalsea aliificha maisha yake yote. Alimsimulia rafiki yake John Forster, ambaye aliitoa kwenye kitabu baada ya kifo. Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 na kuzikwa Westminster Abbey. Watoto wake wengi walikuja kuyajua ya babu yao kwa kusoma kama mimi na wewe. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, 1869, sheria ilipunguza kwa kiasi kikubwa kufunga watu kwa madeni Uingereza. Kwetu kifungo cha madai bado kipo kwenye sheria.

SASA SISI TUFANYEJE

Wenzetu Marekani wamejifunza kwa maumivu. Sheria yao ya mwaka 1997 inasema mtoto akikaa malezi ya serikali miezi 15 ndani ya miezi 22, serikali kwa kawaida ianze hatua za kumwondolea mzazi haki ya uzazi. Kuna vighairi, lakini mama aliyefungwa miaka miwili anaweza kutoka akakuta mtoto si wake kisheria. Tangu 1990 wana pia mpango wa vocha za kodi kwa familia ambazo watoto wanachukuliwa, au wanachelewa kurudishwa, kwa sababu kubwa ya kukosa nyumba. Familia inalipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, iliyobaki serikali inampa mwenye nyumba. Vocha hazitoshi waombaji wote, lakini angalau wamekubali kwamba tatizo wakati mwingine ni chumba tu.

Sisi vocha hatuna. Tuna shangazi, bibi, msikiti, kanisa, vikoba na wenye nyumba wenye roho. Mimi naona kikoba kinachochangia msiba kinaweza pia kuchangia kodi ya miezi miwili ya mke wa mahabusu. Mwenye nyumba anaweza kukubali kodi ya mwezi mmoja mmoja mpaka kesi ijulikane. Na kama watoto lazima wahame, wapelekwe karibu, waweze kwenda kumwona mama jioni na kurudi, kama dogo wa mtaa wa Lant.

Wewe unasemaje? Mtaani kwenu mzazi akiingia ndani, watoto wanabaki wapi? Na wewe mwenye nyumba unayesoma hapa, ungetoa vyombo au ungesubiri? Tiririkeni kwenye maoni, ila majina ya watu msiyataje, ni mambo ya ndani ya familia za watu.

Nawasilisha.